Makaburi Yetu Yako Hapa

Siku wajumbe wa baraza la ardhi walipokuja kukagua shamba la bibi nilikuwa darasa la tano, na kazi yangu ilikuwa kubeba kigoda cha mzee mmoja mwenye mguu mbaya. Jirani alidai mpaka unapita kwenye mkuyu, sisi tukidai unapita ng'ambo ya korongo. Hakuna upande uliokuwa na karatasi. Wajumbe walisikiliza maneno ya huku na ya kule mpaka jua likawa kali, kisha bibi akasimama, akajifunga khanga upya kiunoni, akasema, "Twendeni." Akatutangulia katikati ya mahindi hadi karibu na korongo, akafyeka nyasi kwa mundu, mawe yakaonekana. Mafungu matatu. Akawataja: baba mkwe wake, mama mkwe wake, na mtoto wake wa kwanza aliyekufa kwa surua. Hakuongeza neno. Yule mzee aliketi kwenye kigoda chake, akavua kofia, akamwambia karani aandike.

Nimelikumbuka shamba lile mara nyingi tangu nihamie Perth, Australia Magharibi. Huu ni mwaka wangu wa sita huku, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao ni mama wa Kinoongar, wenyeji wa asili wa pembe hii ya kusini magharibi. Kwao mwanamke mzee huitwa shangazi na kila mtu, hata asiye wa ukoo, kwa hiyo nami namwita Shangazi, na hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Siku za mwanzo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Iringa, Tanzania.

"Na kwenu walikuja?"

Nilijua anawauliza akina nani. Nikamweleza habari za Wajerumani, za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana nao, na za kichwa chake kilichokatwa kikapelekwa Ulaya. Akaweka kijiko chini, uji ukapoa.

"Wetu naye walimkata," akasema. "Nenda kamwone. Yuko mtoni."

Jumapili nikaenda. Katikati ya mto ambao ramani zinauita Swan, na Wanoongar wanauita Derbarl Yerrigan, kuna kisiwa kiitwacho Heirisson. Jina lake la kwanza ni Matagarup. Pale amesimama mtu wa shaba, uchi, mkuki ameulaza mabegani. Huyo ndiye Yagan. Nilimzunguka mara mbili. Nitaeleza baadaye kwa nini macho yangu yalikuwa yakirudi shingoni.

Waingereza walikuja kufanya makazi hapa mwaka 1829, chini ya Kapteni James Stirling. Kwa kila pauni 3 za mali ambazo mlowezi alikuja nazo, serikali ilimpa ekari 40. Hakuna Mnoongar aliyeuza hata shubiri moja, na hakuna mkataba wowote uliowekwa. Kwa sheria ya wageni hawa bara zima lilihesabiwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, na pasipo na mwenyewe hakuna wa kuombwa wala wa kulipwa.

Walowezi walianza na udongo mzuri wa kando ya mto. Huko ndiko kulikokuwa na viazi vikuu ambavyo Wanoongar huviita warran, ambavyo wanawake walivichimba vizazi kwa vizazi, na huko ndiko zilikopita njia za kwenda kwenye maji na kwenye samaki. Ua zikapigwa. Wanaume walipowachoma mikuki kondoo kama walivyowachoma kangaruu, wakaitwa wezi. Walipochoma nyasi kwa majira yake, kama ilivyokuwa desturi ya kuitunza nchi, wakaambiwa wanaharibu mali za watu.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo huwa linanishika koo. Wanoongar wengi mwanzoni waliwadhania wageni kuwa djanga, yaani mizimu: ndugu zao waliokufa, sasa wamerudi wakiwa weupe. Hebu fikiri. Mtu anashuka kwenye jahazi kuja kukunyang'anya, nawe unamtazama usoni ukitafuta sura ya kaka yako marehemu.

Desemba 1831 mtumishi wa mlowezi mmoja alimpiga risasi Mnoongar aliyekutwa kwenye shamba la viazi. Kwa sheria ya Wanoongar damu ya mtu hulipwa na watu wa upande wa muuaji, si lazima na mkono uleule uliofyatua. Yagan na baba yake, Midgegooroo, wakaivamia nyumba ya shamba hilo, akauawa mtumishi mwingine. Waingereza wakaandika kwamba washenzi wameua mtu asiye na hatia. Wanoongar kwao deni lilikuwa limelipwa, na kama wageni wangekubali hesabu hiyo mambo yangeishia pale.

Hayakuishia. Mwaka 1832 Yagan alikamatwa, na ilibaki kidogo anyongwe. Aliyemwokoa ni mlowezi mmoja, Robert Lyon, aliyesimama mbele ya wenzake na kusema kwamba mtu huyu anaitetea nchi yake, kwa hiyo ni mateka wa vita, si mhalifu. Wakampeleka kisiwa cha Carnac, Lyon akaenda naye ili ajifunze lugha. Haikuchukua muda, Yagan na wenzake wakachukua mashua wakatoroka. Namtaja Lyon makusudi. Huwa tunaambiwa tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Lyon alikuwa mtu wa zamani, alikuwa mlowezi, na aliliona jambo lilivyo.

Aprili 1833 ndugu yake Yagan, Domjum, alipigwa risasi akivunja ghala mjini Fremantle. Yagan akalipa kisasi kwa ndugu wawili wa familia ya Velvick, akawaua barabarani kwa mkuki. Serikali ikatangaza pauni 30 kwa atakayemleta, hai au maiti. Baba yake ndiye aliyetangulia kukamatwa. Tarehe 22 Mei 1833, bila kesi, mzee Midgegooroo alifungwa kwenye mlango wa jela ya Perth akapigwa risasi.

Siku chache baadaye Yagan alikutana na mlowezi George Fletcher Moore, aliyekuwa mwanasheria na mtu wa kuandika shajara. Yaliyosemwa siku ile tumeyapata kwa kalamu ya Moore, naye lugha hakuielewa vizuri, kwa hiyo nayapokea kwa tahadhari. Anasema Yagan aliweka mkono begani pake, akazungumza kwa hisia nyingi. Moore alichokielewa ni malalamiko: mmekuja kwenye nchi yetu, mmetufukuza kwenye makao yetu, tukitembea katika nchi yetu wenyewe tunapigwa risasi, kwa nini? Kisha Yagan akauliza habari za baba yake. Moore akanyamaza. Mtumishi mmoja akadakia kwamba mzee yuko kisiwani, kafungwa. Yagan akasema wazungu wakimpiga risasi Midgegooroo, Yagan ataua watatu.

Mzee alikuwa ameshauawa. Kila nikifika hapo kwenye habari hii nasimama. Mtoto anamuuliza mtu msomi, mtu wa sheria, baba yangu yuko wapi, na yule anayejua anatazama pembeni.

Tarehe 11 Julai 1833 Yagan na wenzake walikuwa wakienda kwenye nyumba ya mlowezi mmoja kuchukua unga. Njiani wakawakuta vijana wawili waliokuwa wakichunga ng'ombe, William na James Keates. Walikuwa wakijuana. Vijana wakamwambia Yagan abaki nao, asije akakamatwa huko mbele, naye akabaki, wakashinda pamoja asubuhi nzima. Wanoongar walipoanza kuondoka, William akampiga risasi. Wenzake Yagan wakamuua William palepale, James akajitupa mtoni akaogelea ng'ambo. Baadaye ndiye aliyeipokea zawadi. Hata gazeti la koloni, ambalo halikuwa rafiki wa Wanoongar, liliona aibu kusifu kitendo kile.

Kichwa kikakatwa. Kikatundikwa ndani ya gogo lenye uwazi, kikafukizwa moshi miezi mitatu ili kisioze. Mtu mwingine alimchuna ngozi ya mgongo, yenye chale za kabila lake. Ofisa mmoja kijana, Robert Dale, akakichukua kichwa hadi London akakitafutia mnunuzi, akakosa, akamkodisha daktari mmoja, Thomas Pettigrew. Daktari alikuwa akikionyesha kwa wageni nyumbani kwake kikiwa kimevalishwa manyoya ya kasuku mweusi wa Australia. Kutoka hapo kikaishia Liverpool, kwenye taasisi ya kisomi na hatimaye makumbusho ya mji.

Nimejiuliza sana: kwa nini kichwa? Yagan alikuwa ameshakufa. Zawadi ingelipwa kwa ushuhuda tu. Na si Yagan peke yake. Huko Sydney, miaka 30 kabla, Pemulwuy wa ukoo wa Wabidjigal aliongoza vita dhidi ya koloni kwa miaka kama 12. Alipouawa mwaka 1802, kichwa chake kilitiwa kwenye pombe kali kikapelekwa Uingereza kwa mwanasayansi Joseph Banks. Gavana King mwenyewe, aliyemwita Pemulwuy tauni kwa koloni, alikiri katika barua yake kwamba alikuwa mtu shujaa asiyetawalika. Kichwa hicho hakijapatikana hadi leo. Na kwetu Tanzania, huko Moshi, Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, kichwa chake kinatafutwa mpaka sasa na wajukuu zake.

Watu wa sayansi watasema walitaka kupima mafuvu, na ni kweli walipima. Lakini mimi ni mjukuu wa yule mwanamke mwenye mundu, na ninaona jambo jingine. Mkuu wa watu akizikwa mzima katika nchi yake, pale pana kaburi. Kaburi linapaliliwa, linatajwa, watoto wanaonyeshwa, na siku ya shauri wazee wanainuka wanasema twendeni. Aliyetangaza kwamba ardhi haina mwenyewe hawezi kulivumilia kaburi la namna hiyo.

Wajerumani nao walijua. Novemba 1895, mwaka mmoja baada ya kuibomoa ngome ya Mkwawa huko Kalenga, amri ya Kaisari ilitangaza ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu angethibitisha kuwa ni yake. Maneno yaleyale, bahari nyingine. Mkwawa alikuwa bado yuko porini anapigana, kichwa chake kimetangaziwa rupia 5,000. Julai 1898 alijiua ili wasimkamate, wakaikuta maiti, wakakikata.

Cha Mkwawa kilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kati ya mambo makubwa ya vita vya dunia. Kilirudi mwaka 1954. Cha Yagan hakikuwa na mkataba. Mwaka 1964 makumbusho ya Liverpool yaliona kimechakaa, wakakitia kwenye sanduku la mbao pamoja na maiti kavu ya mtu wa Peru na kichwa cha Mmaori, wakakizika kwenye makaburi ya Everton bila jina. Miaka michache baadaye hospitali moja ikazika juu yake vitoto vichanga 22, vingi vilizaliwa vimekufa.

Kwa miaka hiyo yote wazee wa Kinoongar walikuwa wakiuliza. Ken Colbung alikuwa miongoni mwa waliouliza kwa muda mrefu na bila kuchoka. Mwaka 1993 mtafiti Cressida Fforde aliufuatilia mlolongo wa kumbukumbu mpaka akalipata kaburi lenyewe. Hapo likaja jambo gumu: huwezi kukifikia kichwa bila kugusa vile vitoto, na serikali ya Uingereza ikataka kwanza ridhaa ya wazazi wao. Maombi yakakwama. Mwishowe wakapima ardhi kwa mitambo, wakachimba shimo pembeni ya kaburi, wakaingia kwa ubavuni, wakalitoa sanduku bila kuwasumbua watoto waliolala juu. Hilo nalipenda. Baada ya yote waliyotendewa, walimtoa mtu wao bila kuvunja kaburi la mtoto wa mtu. Mwishoni mwa Agosti 1997 ujumbe wa Wanoongar ulimpokea, ukampandisha ndege.

Wiki hiyohiyo alipofika Perth, watu walikwenda usiku kisiwani Matagarup na grenda, wakaikata sanamu kichwa. Ikawekwa kichwa kingine. Wakakikata tena. Ndiyo maana siku ile nilikuwa nikiitazama shingo.

Mwili wake ulizikwa mahali fulani katika bonde la mto, upande wa Belhus. Walipima, wakachimba, hawakuupata. Wazee wenyewe kwa wenyewe walivutana nani mwenye haki ya kumzika na wapi, kama inavyotokea kwenye msiba wowote mkubwa. Tarehe 10 Julai 2010, siku moja kabla ya kutimia miaka 177 tangu auawe, kichwa kilizikwa Belhus, karibu na pale mwili unapodhaniwa kulala.

Nilimsimulia Shangazi kwamba sisi tulipelekwa Kalenga na shule, tukapanga mstari, tukalipita fuvu la Mkwawa mmoja mmoja. Mwalimu alituonya tusiguse kioo. Mimi nilikuwa mfupi, kwa hiyo macho yangu yalikuwa sawasawa na matundu ya macho yake, na pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo nikaufuta kwa mkono wa sweta.

"Bado yuko kwenye kioo?"

"Ndiyo, Shangazi. Makumbusho ni yetu, yako kwetu. Mwili uko Mlambalasi."

"Mbali?"

"Mwendo wa gari, kama saa moja hivi."

Alikaa kimya muda mrefu. Sikujua kama amekasirika. Kisha akanihadithia kwamba wakati mama yake ni msichana, Mnoongar hakuruhusiwa kukanyaga katikati ya mji wa Perth bila kibali. Nilikwenda kusoma, na ndivyo ilivyokuwa: tangu mwaka 1927 hadi 1954 katikati ya mji lilikuwa eneo la marufuku kwa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 1954. Mwaka uleule watu wa Iringa walipokusanyika Kalenga kumpokea Mtwa wao, mama wa Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaruhusiwa kupita barabara iliyojengwa juu ya nchi ya bibi zake.

Akanitaja pia Wadjemup, kisiwa ambacho watalii wanakijua kama Rottnest. Kinaonekana kutoka ufukweni siku hewa ikiwa safi. Watu huenda kuogelea, kuendesha baiskeli na kupiga picha na vijinyama vidogo vya kule. Kuanzia mwaka 1838 kilikuwa jela ya Waaborijini. Wanaume na wavulana karibu 4,000 walipelekwa huko wakiwa na minyororo kutoka pande zote za Australia Magharibi. Si chini ya 370 walifia huko. Walizikwa bila alama, na kwa miaka mingi watu walipiga mahema ya likizo juu ya makaburi yao, mpaka mwaka 2007 eneo lile la mahema lilipofungwa. Watu wa mvua, vijana waliokuwa hawajapitishwa jandoni, wamelala kule, na makwao hakuna fungu la mawe.

Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer, ilikubali kwamba ile habari ya ardhi isiyo na mwenyewe haikuwa kweli tangu mwanzo. Mabo mwenyewe alikuwa amekufa miezi michache kabla ya hukumu. Wanoongar wakaidai nchi yao. Mwaka 2006 jaji mmoja alikubali kwamba haki yao juu ya eneo la Perth bado hai. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2008 hukumu ikatenguliwa. Maana sheria inawataka wenyeji wathibitishe kwamba uhusiano wao na ardhi haukukatika. Waliofukuzwa kwa bunduki, wakazuiwa kwa vibali, wakanyang'anywa watoto, ndio wanaotakiwa kuonyesha kwamba hawakuondoka. Mwishowe yakafanyika mapatano, yaliyoanza kutumika mwaka 2021, ya thamani ya dola bilioni 1.3 za Australia. Wanoongar walipata fedha, sehemu ya ardhi na sheria inayowatambua, nao wakaiachilia ile haki ya asili mahakamani. Wapo wanaosema ni ushindi. Wapo waliolia. Shangazi alisema yeye alipiga kura, lakini hakuniambia alipigia upande gani, nami sikumuuliza.

Jumapili nyingine nilimpeleka Belhus. Alitaka kwenda mwenyewe, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka njia ilipokwisha, kisha akainuka akanishika mkono tukatembea polepole. Alisema maneno ya Kinoongar kwa sauti ya chini. Nilisimama nyuma kidogo, kama nilivyofundishwa kusimama kaburini kwa watu. Alipomaliza akaokota mchanga kiganjani, akausugua, akaurudisha ulipokuwa.

Jioni nikampigia mama simu Iringa. Nikamuuliza mawe ya kule korongoni bado yapo. Akacheka kwanza, kwa nini niulize mawe. Kisha akasema yapo, ila mvua ya mwaka huu ilisogeza lile la kichwani kwa babu, na juzi wamekwenda na shangazi zangu, wamepalilia, wamelirudisha.